Mashua Niliyoinyima Maji

Jumatatu, 14 Januari 1957

Nimeng'oa kitanda cha pili. Mbao za chini zimeoza, zinanuka samaki na sabuni. Skurubu za shaba bado nzima, nimezitia kwenye kopo. Urefu wa chumba futi saba na inchi mbili. Upana hauna kipimo kimoja: mbele chembamba, nyuma kipana, katikati kinavimba kama mbuzi aliyeshiba. Hakuna pembe hata moja ya skwea. Sijui nani alijenga kitu hiki na alikuwa amekunywa nini.

Miaka ishirini natengeneza vitanda, Mraru mpaka Voi mjini, na sijawahi kufanya kazi nimejikunja hivi. Mgongo unauma.

Mashua ni ya Bwana Meneja. Aliitoa Kilindini, ikapandishwa behewa la wazi, ikashushwa Voi stesheni, trekta ikaivuta hadi hapa karakana ya shamba la mkonge, ambayo mkuu wake ni mimi. Watu waliacha kazi kuitazama. Mashua ya tanga katikati ya mkonge, na maji ya karibu ni ya tangi! Lakini Bwana analala kwenye kitanda changu nyumbani kwake mwaka wa nne sasa, na amesema hakuna fundi mwingine atakayegusa chumba chake. Anataka vitanda viwili virefu, makabati, rafu, mbao mpya za ukutani. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu irudi Kilindini. Baadaye atakwenda nayo Lamu, yeye na mkewe, wakilala humo.

Nilijisikia mkubwa aliposema hivyo. Naandika ukweli, daftari hili ni langu peke yangu.

Alhamisi, 17 Januari

Mzee Athumani ananichosha. Ni nahodha wa Bwana, mtu wa Mombasa, miaka sitini hivi, kofia safi kila siku. Amekuja pamoja na mashua kuilinda. Hagusi randa wala nyundo. Kazi yake ni maji. Asubuhi ndoo kumi, jioni ndoo kumi. Anamwaga juu, anamwaga ubavuni, anamwaga ndani chini ya sakafu. Kisha anaifunika magunia yaliyolowa. Voi hii, ambapo wanawake wanapanga debe bombani tangu alfajiri!

Nilimuuliza amepanda nini humo, mchicha? Akasema, "Mti huu umezoea kunywa, fundi. Ukiunyima maji, utakununia."

Maneno ya pwani. Matone yanadondokea mbao zangu za mvule.

Jumanne, 22 Januari

Siku mbaya. Nitaandika yote ili nisijidanganye baadaye.

Vitanda vyote viwili vilikuwa vimekwisha fungwa. Kazi ya siku nne. Nilivipima kwa pimamaji, mbele, nyuma, kati, povu la pimamaji likatulia katikati kabisa. Nikamwita Mzee Athumani aone. Akainama mlangoni, akaangalia sakafu, akaangalia kitanda, akaangalia sakafu tena. Akatoa uzi mfukoni, akaufunga mbele ya chumba na nyuma, sambamba na mkuku, yaani ule mti mkubwa wa chini unaobeba mashua yote. Kichwa cha kitanda kimepanda inchi tatu kuliko miguu. Upande mmoja umelala.

Mashua haikukaa sawa juu ya magogo. Imeinama nyuma na kidogo kushoto. Mimi nilipima kwa ardhi, kama mtu anayejenga nyumba.

Alicheka mpaka akavua kofia kujifuta machozi. Kisha akawaita. Dereva wa trekta, mafundi wa mashine, hata wale wa kusuka kamba. "Njooni mwone! Fundi wenu wa milimani ameipima Voi! Tukenda baharini itabidi tuichukue na Voi yenyewe!"

Wakacheka wote. Wamo watu niliowatengenezea vitanda vya harusi. Nami nilicheka, meno tu.

Jumatano, 23 Januari

Nimebomoa.

Jumamosi, 26 Januari

Vitanda vimekaa, safari hii kwa uzi. Athumani amenifundisha mengine. Pembe zote ziwe duara, maana bahari ikimsukuma mtu, pembe kali itamvunja ubavu. Kila kitanda kiwe na ubao pembeni wa kumzuia aliyelala asianguke. Rafu ziwe na ukingo. Milango ya makabati iwe na kishikizo cha kuinua, isifunguke yenyewe. Yote ni kweli. Hakuna hata moja niliyoifikiria.

Nimefuata kila neno. Sikumshukuru.

Jina limeshika. Fundi Pimamaji. Jana mke wangu Wakesho amelisikia bombani Mraru, maili zote hizo kutoka karakana. Akaniuliza maana yake. Nikamwambia hajui kusikia. Kumbe ni mimi nisiyejua kujibu.

Ijumaa, 1 Februari

Vanishi ya kwanza ilikauka jana vizuri sana. Leo asubuhi nimekuta mabaka meupe kama ukoma, kitanda kizima cha kulia. Unyevu. Yeye na ndoo zake. Nilitaka kumtupia kopo la vanishi. Nikachukua msasa, nikaanza upya.

Mchana akaja na habari. Mjukuu wake anaolewa Mombasa. Bwana amempa ruhusa hadi tarehe kumi na nne. Akanishika bega: "Fundi, mashua nakuachia wewe. Ndoo kumi asubuhi, kumi jioni, na magunia yasikauke. Ni amana." Hakunitania. Hakuniita Pimamaji. Alisema kama mtu anayemwachia mwenzake mtoto.

Nikasema sawa, mzee, nenda ukale pilau, usiwe na wasiwasi.

Na wakati naisema hiyo sawa, nilikwisha jua kwamba sitamwaga hata ndoo moja.

Jumanne, 5 Februari

Siku ya nne bila maji. Jua kali, upepo wa vumbi kutoka upande wa Taveta. Vanishi imeng'aa. Najiona usoni kwenye mlango wa kabati. Sasa hii ndiyo kazi.

Magunia yamekauka, yamesimama wima yenyewe kama watu. Nimeyakunja nikayaweka pembeni. Kama nimekosea, nimekosa nini? Mbao kavu ndiyo mbao nzuri. Kila fundi anajua hilo. Sisi huku tunakausha mbao mwaka mzima kabla ya kuzigusa.

Ijumaa, 8 Februari

Niliingia chumbani kupima mbao za ukutani. Nikafunga mlango kwa sababu ya vumbi. Nikaona mwanga.

Mistari ya mwanga ubavuni mwa mashua. Kila ubao umeachana na mwenzake. Mahali pengine kisu kinapita. Pamba ya kuzibia inaning'inia kama kamasi.

Nilikaa juu ya kitanda changu kizuri. Basi ndiyo maana ya ndoo. Hakuwa anaota mzee yule. Ubao ukinywa unavimba, ukifunga njaa unasinyaa.

Kwa nini hakunieleza hivyo, wazi? Akasema mti utanuna. Lakini hata angenieleza wazi, nisingemsikia. Tangu siku ile ya pimamaji nilikuwa nimeziba masikio.

Jumatatu, 11 Februari

Nimetengeneza. Siku tatu, hata jana Jumapili sikwenda kanisani, nikamwambia Wakesho Bwana ana haraka. Uongo.

Nimeranda vipande vyembamba vya mvule, nimevichovya kwenye gundi ya moto, nimevipigilia ndani ya kila ufa kutoka upande wa chumbani. Vipande arobaini na kimoja. Vimekaa imara, mwanga hauonekani tena. Nje nimepaka paki ya kuzibia mapengo na rangi nyeupe, ambayo Bwana alikuwa ameiagiza hata hivyo. Kisha nimefunika pande zote mbili za ndani kwa mbao mpya, kutoka kichwani mwa kitanda hadi miguuni. Hakuna atakayeona kitu.

Leo nimeanza tena kumwaga maji. Ndoo kumi. Magunia nayo nimeyalowesha.

Ni kazi safi. Ukuta wa nyumba ungekaa hivyo miaka hamsini.

Alhamisi, 14 Februari

Amerudi na gari la moshi la asubuhi. Ameniletea haluwa kutoka harusini, imefungwa kwenye ukili wa mkindu uliosukwa, na kofia moja iliyoshonwa kwa mkono. Hata kwa mtu wa kanisa, akasema, kichwa ni kichwa.

Aliizunguka mashua. Hakupenda rangi ipakwe kabla yeye hajafika, lakini akasema basi, Bwana ana haraka. Akayashika magunia. Yalikuwa yamelowa.

"Ulinyunyiza, fundi?"

Nikasema kila siku.

"Asubuhi na jioni?"

Nikasema asubuhi na jioni. Akaniombea dua hapo hapo, amesimama, viganja juu. Nilimshukuru. Mdomo wangu ulisema amina.

Wakesho na mama yangu wamekula haluwa. Mimi nimesema jino linaniuma.

Jumamosi, 16 Februari

Bwana amekuja na mkewe kuona chumba. Mkewe alijilaza kitandani na viatu vyake mkononi, akafungua kila kabati. Bwana aligonga mbao za ukutani kwa kidole. "Hii kazi ya ufalme," akasema. Akawaita Wazungu wenzake wawili waliokuwa wanapita. Wakaingia mmoja mmoja wakiinama.

Athumani alisimama nje akifurahi kama aliyekitengeneza ni yeye. Aliwaambia wafanyakazi: Fundi Pimamaji amekufa, huyu sasa ni Fundi Chumba. Hakuna aliyecheka vibaya. Nilikuwa nimelitaka neno hilo kwa wiki tatu.

Jumatatu, 18 Februari

Saa ya chakula. Tulikaa kwenye kivuli cha mashua, Athumani na mimi, yeye na chai yake. Bila mimi kumuuliza lolote akaanza kuhadithia. Alikuwa kijana, baharia kwenye mashua ya tajiri mmoja wa Tanga. Ilikaa juu ya mchanga kiangazi kizima, ikakauka, ikaachana. Fundi aliona tabu kuinywesha na kutia pamba polepole. Akapigilia vipande vya mbao kwenye nyufa. Ikapendeza. Wakaishusha.

Siku ya kwanza salama. Ya pili salama. Ya tatu mbao zilikuwa zimekwisha kunywa, zinataka kuvimba, na nafasi hamna. Ubao unausukuma ubao. Hapo ndipo misumari ilipokatika mmoja baada ya mwingine, mbavu zikavunjika, mashua ikafunguka upande mmoja kama maganda ya mbaazi. Waliokuwa juu waliogelea. Wawili walikuwa wamelala chini.

"Pamba ni laini, yakubali kubanwa," akasema. "Mti haukubali."

Akamaliza chai. Akamwaga machicha. Akasema ndiyo maana alishukuru sana kwamba nilinyunyiza.

Nikafunika ugali wangu, nikarudi chumbani.

Jumanne, 19 Februari

Arobaini na kimoja.

Alhamisi, 21 Februari

Bado sijasema. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza dereva wa trekta akaja. Mara ya pili hakuna aliyekuja, nikauliza tu habari za mjukuu wake.

Najua mashua itashuka Kilindini Jumamosi ya wiki ijayo. Najua Bwana na mkewe watalala kwenye vitanda viwili. Najua Athumani atalala sakafuni katikati yao, kichwa karibu na ukuta wangu, kwa sababu ameniambia. Yote najua. Nikitoa mbao za ukutani, kila mtu ataona. Nikizinyamazia, hakuna atakayeona mpaka siku ya tatu baharini.

Naogopa kuchekwa. Ni hilo tu. Watu watatu wanaweza kufa kwa sababu fundi mmoja wa Mraru hataki kuchekwa mara ya pili. Nimeandika na bado nimekaa.

Jumapili, 24 Februari

Kifua cha Mama kimembana tangu Ijumaa. Leo baada ya kanisa alituita uani, Wakesho, mimi na dada yangu aliyetoka Mbololo. Alikuwa na kibuyu cha maji. Nikajua anataka nini. Kutasa.

Mama amebatizwa kabla yangu, na anashiriki Komunyo. Lakini neno hili hakuliacha. Anasema hasira iliyofichwa moyoni haikai tu, inatoka usiku na mchana na kumpiga yeyote aliye karibu, hata mwenyewe usipotaka. Dawa yake ni moja. Unachukua maji mdomoni, unasema ndani yako ni nani unayemkasirikia, kisha unapuliza maji yote nje, na unasema iende, nimeitoa, awe salama. Miaka yote nimekataa. Nimemwambia ni mambo ya zamani. Leo, kwa ajili ya kifua chake, nilikubali.

Dada yangu akapuliza. Wakesho akapuliza, akaniangalia kidogo. Mama akapuliza mwenyewe, akakohoa.

Zamu yangu nikajaza mdomo. Nikamwona Athumani akicheka, kofia mkononi. Nikaiona hasira yangu pale ilipo, imekaa, imevaa nguo zangu. Ningeitoaje kwa mdomo na kuiacha mashua vilevile? Ningekuwa nadanganya hata maji.

Nikayameza.

Mama aliliona koo langu likipanda na kushuka. Alichukua kibuyu, akaingia ndani. Sijawahi kuona aibu namna hiyo mbele ya mzazi, hata nilipokuwa mtoto mwizi wa miwa.

Jumatatu, 25 Februari

Nimesema.

Nilimfuata kabla hajajaza ndoo ya kwanza. Nikamwambia asimwage kwanza. Nikaingia chumbani, nikatoa skurubu nane za ubao mmoja wa ukutani, nikauvuta, nikamwonyesha. Nikasema, mzee, sikunyunyiza hata siku moja. Hivi ndivyo nilivyofanya. Nilikuwa na hasira kwa sababu ulinicheka.

Alipitisha ukucha juu ya kipande cha mvule. Kimoja, cha pili. Akauliza vingapi. Nikamwambia.

"Na ile siku nilipokupa hadithi?"

Nikasema nilikuwa nimekwisha fanya.

"Ukanyamaza wiki nzima."

Nikasema ndiyo.

Nilitaka anitukane. Alitoka akakaa juu ya gogo, mgongo kwangu. Wakati wa adhana ulikuwa haujafika, lakini alichukua birika, akaenda kutawadha, polepole, kila kidole. Hakunigeukia. Aliondoka bila kusema tutaonana kesho.

Nimekaa karakana peke yangu hadi saa kumi na moja. Sikushika chombo.

Jumanne, 26 Februari

Hii ni mbaya kuliko zote. Mbaya kuliko pimamaji, mbaya kuliko nyufa.

Asubuhi Bwana alikuja na karatasi ya behewa. Athumani akamsogelea mbele yetu wote, akamwambia mashua haiwezi kwenda Jumamosi, imekauka, yataka wiki mbili za maji na kutiwa pamba upya. Bwana akauliza imekaukaje. Athumani akasema, "Mimi nilikuwa na amana, Bwana, nikaiacha nikenda harusini. Kosa ni langu."

Hakulitaja jina langu. Hata kwa jicho.

Bwana aliwaka. Kiswahili chake kikamwishia katikati. "Wewe iko nahodha ama iko mpishi? Mimi nalipa wewe kulala na kula harusi?" Akasema atatafuta nahodha mwingine Kilindini, kijana, asiye na wajukuu. Akaitupa karatasi chini. Mzee mwenye miaka sitini, kofia yake imenyooka, akainama akaiokota.

Mimi nilikuwa hatua sita kutoka pale, nyundo mkononi. Watu wote walikuwepo. Nilifungua mdomo. Haukutoka hata upepo.

Baadaye nikamwuliza kwa nini. Akanijibu akiwa anafungua magunia, bila ukali. Amana haikabidhiwi mara mbili, akasema. Bwana alimpa yeye, si mimi. Yeye ndiye aliyempa mtu mwenye kinyongo, na kinyongo hicho alikipanda mwenyewe siku alipowaita watu wacheke. "Basi mie nimevuna changu. Wewe vuna chako ukipenda."

Nikamwambia nitakwenda kwa Bwana. Akasema haya.

Hakuamini. Kwa nini aamini?

Jumatano, 27 Februari

Sikwenda. Nimeng'oa mbao za ukutani zote. Tumetoa vipande kumi na saba kwa patasi, yeye upande wa kulia, mimi kushoto. Gundi imeshika vizuri mno, kila kipande kinatoka kwa vita. Sijawahi kuichukia gundi yangu mwenyewe namna hii.

Alhamisi, 28 Februari

Nimekwenda. Saa mbili asubuhi, ofisini, kofia mkononi. Nilisema nikiwa bado nimesimama mlangoni, maana nikikaribishwa ndani nitaanza kutafuta maneno mazuri. Nikasema Athumani aliacha mashua kwa mtu aliyeahidi. Mtu ni mimi. Sikumwaga maji, nikaziba nyufa kwa mbao, nikafunika, nikadanganya. Wewe na mkeo mngezama.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Aliangalia kiti alichokalia. Ni changu. Akaangalia meza. Ni yangu. Akaangalia juu, kenchi za paa, nilizifunga mwaka juzi. Akasema polepole kwamba sasa hajui nini kingine kiko nyuma ya mbao. Atamwita fundi kutoka Mombasa akague kila kitu nilichowahi kukitengeneza hapa. Vitanda, paa, madaraja ya reli ndogo ya mkonge. Nikimaliza mashua, nitakuwa nikipigilia makreti. Si mkuu wa karakana tena.

Nikasema ndiyo Bwana. Kuhusu Athumani nikauliza. Akasema atakwenda na mashua yake kama kawaida, na niondoke.

Nilipotoka nilipita chini ya kenchi zangu. Ni nzima. Naapa ni nzima. Lakini neno langu sasa lina thamani gani? Mwenyewe nilijikuta nimetazama juu.

Jumamosi, 9 Machi

Vipande vyote arobaini na kimoja vimetoka. Ndoo kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Mimi ndiye mchota maji. Wafanyakazi wanapita, hakuna anayeniita jina lolote, na hilo linauma zaidi ya Pimamaji.

Ubao unarudi. Kila asubuhi naingia chumbani, nafunga mlango, natafuta mwanga. Jana mistari sita. Leo miwili. Athumani anatia pamba, mimi namshikia mwanga wa kandili pale pasipofika jua. Vanishi imeharibika yote, mabaka kila mahali. Sijaigusa.

Alinionyesha namna ya kusikiliza. Unagonga, na ubao ulioshiba unajibu sauti nzito. Nikagonga. Akatikisa kichwa, ndiyo.

Jumamosi, 16 Machi

Imeondoka. Trekta hadi stesheni, winchi, behewa. Chumba hakina mbao za ukutani. Nilimwomba Athumani tuziache hivyo, mbavu zionekane, ili mtu akilala aone kila kiungo. Alifikiri, akasema ni wazo la baharia. Vitanda viko, na pembe zake duara, na ukingo wa rafu. Vina mabaka.

Alipanda behewani akakaa juu ya mashua na birika lake. Hatukushikana mikono, alikuwa na ndoo. Gari lilipotikisika alikuwa tayari anamwaga maji.

Fundi wa Mombasa amekwisha kagua paa. Amegonga kila kenchi. Hakuna kosa. Hajaniambia, nimesikia kwa dereva.

Jumapili, 31 Machi

Mvua imenyesha Sagala, hapa bado. Kifua cha Mama kina nafuu kidogo.

Jana gadi wa gari la moshi aliniita stesheni, akanipa furushi la ukili. Ndani kipande kimoja cha mvule, chembamba, kimeng'oka kando, gundi yangu bado imekishika. Sikujua kwamba alikibeba. Ujumbe alimpa gadi kwa mdomo: mashua imo majini siku kumi, chumba kikavu, na yeye amelala humo mchana na usingizi wake ulikuwa mzuri. Basi. Hakutuma salamu nyingine. Sijui kama amenisamehe. Sikumwagiza gadi amuulize.

Leo baada ya kanisa nilitoa kibuyu mwenyewe. Nikamwita Mama uani. Wakesho naye akaja, akasimama kando akifuta mikono. Nikajaza mdomo. Nikamwona mzee ameinama kuokota karatasi, na mimi hatua sita. Sikuwa na hasira naye tena hata kidogo. Iliyobaki ilikuwa juu yangu, na sikujua kama hiyo nayo inatolewa kwa njia hii. Nikajaribu.

Nikapuliza. Yalikwenda mbali kuliko nilivyodhani, yakaangukia vumbi, na vumbi likayanywa mara moja. Nikasema awe salama. Mama akaitikia. Kisha akasema uji unapoa, tuingie.